Kishikio cha Kumi na Saba

Siku ya ishirini na tisa fundi cherehani aliamka na neno moja tu kichwani: mbili. Zimebaki siku mbili. Akizivuka bila mtoto hata mmoja kukwaruzwa, barabara ya shule itafungwa kwa magari kila asubuhi, na safari hii si kwa majaribio. Akiteleza, yale mapipa mawili na boriti iliyolazwa juu yake kuzuia magari yataondolewa, na magari yatarudi kujazana mbele ya geti kama siafu kwenye mfupa.

Hivyo ndivyo karatasi ilivyosema. Aliyeiandika alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuwa mtu wa utani mwingi na gari jeupe refu kama jeneza la tajiri, ambalo alilitumia hata kununua kiberiti mtaa wa pili. Siku thelathini za shule, aliandika kwa mkono wake. Likitokea jambo lolote la kuhatarisha mtoto wa msafara wa kwenda shule kwa miguu, majaribio yanaishia hapo. Wakatia saini watatu: yeye, mwalimu mkuu na fundi.

Fundi alitia saini bila kusoma mara mbili, kwa sababu alikuwa na deni ambalo kalamu haiwezi kulilipa. Mwaka uliopita, asubuhi ya mvua, alikuwa yeye mwenyewe kwenye usukani. Kutoka kwake mpaka shuleni ni mwendo ambao chai haipoi, lakini alizoea kumpeleka mwanawe kwa gari, kama wote walivyozoea. Mbele ya geti magari yalikuwa yamebanana, huyu anashusha, yule anageuza, kila mtu anapiga honi. Akarudi nyuma haraka haraka, akasikia kishindo kidogo, kama mtu aliyeangusha begi. Kweli lilikuwa begi. Lilikuwa mgongoni mwa mtoto.

Mtoto huyo alikuwa msichana mrefu wa darasa moja na mwanawe, ambaye wenzake walimwita Twiga. Mfupa uliunga, lakini mguu wa kushoto ukabaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, na tangu hapo Twiga alitembea akiuburuta. Mama yake, muuguzi wa zamu, hakupandisha sauti hata mara moja. Afadhali angemtukana. Kwa miezi miwili fundi alipokwenda wodini na chupa ya uji, muuguzi aliipokea, akasema asante, akageuka.

Tangu siku ile fundi hakugusa usukani. Akaanza kutembea na mwanawe, halafu na watoto wawili wa jirani, halafu watano, na hatimaye wakawa ishirini na nne. Mtaa una midomo, ukasema unavyopenda kusema. Aliyevunja mguu wa mtoto ndiye leo anatufundisha kutembea. Shemeji yake alimwambia usoni, mbele ya watu, huku akicheka: shemeji, ulivunja mmoja, sasa unataka tutumie yote miwili. Fundi alicheka naye. Usiku hakulala.

Na siku muuguzi alipomleta Twiga kwenye msafara, wiki ya pili ya majaribio, alisema sentensi moja tu. "Yeye mwenyewe ndiye anayetaka. Mimi sikumtuma."

Kwa hiyo fundi alijenga msafara wake kama anavyojenga koti la harusi, mshono juu ya mshono. Alishona mkanda mrefu wa turubai, akaufungia vishikio ishirini na vinne, kila kimoja na namba yake kwa uzi mwekundu. Kila mtoto alikuwa na chake. Mbele alitembea yeye, nyuma kabisa alitembea mlinzi mstaafu ambaye watoto walimbatiza Mzee Mkia, naye akaupenda ukuu huo. Kila kituo, mbele ya duka la dawa, kwenye karakana ya seremala na chini ya daraja, fundi aliinua mkono na kusema, "Hesabu." Watoto wakaita namba za vishikio vyao toka moja hadi ishirini na nne. Namba zikitimia, wanaondoka. Mzee Mkia alisema alilinda benki miaka ishirini na hajawahi kuona hesabu tamu namna hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili fundi hakulisema kwa mtu. Kwenye boriti ya kuzuia magari alitundika ubao mdogo, na kila asubuhi aliandika kwa chaki dakika walizotumia. Siku ya kwanza ilikuwa ishirini na nane. Wenye magari walipita wakiusoma na kucheka, maana wao, pamoja na foleni yote, walitumia ishirini na tatu au ishirini na nne. Ikashuka ishirini na tano. Ikashuka ishirini na moja. Siku ya ishirini na nane fundi aliandika kumi na tisa, na hakuna aliyecheka tena. Namba ile aliipenda kuliko alivyojua.

Asubuhi ya ishirini na tisa walitoka saa moja kamili. Kulikuwa na ubaridi mwembamba, na fundi alivuta mkanda kwa nguvu kidogo.

"Tukaze mwendo," alisema. "Leo tuwe wanajeshi."

Kwenye duka la dawa hesabu ilitimia. Kwenye karakana ya seremala, ambako mbao zimesimamishwa ukutani mpaka njiani na vumbi la randa linapanda puani, walisimama kidogo kumpisha mtu wa mkokoteni. Hesabu ikaanza upya. Kumi na tano, kumi na sita. Kumi na saba ilitoka nyembamba kidogo, kama ya mtu mwenye mafua. Kumi na nane, kumi na tisa. Fundi alikuwa ameshaangalia saa. Wakapita chini ya daraja, barabara kuu ikinguruma juu ya vichwa vyao, wakaita namba, wakaendelea. Walipofika kwenye boriti alichukua chaki na kuandika kumi na nane, akapigia mstari chini yake.

Ndipo alipogeuka kukunja mkanda.

Watoto walikuwa wameshaachia, wanamiminika getini. Mmoja tu alikuwa bado ameshika, naye ni mwanawe, aliyeitwa Kifungo tangu utotoni kwa sababu alianza kutambaa chini ya cherehani akimeza vifungo. Alikuwa ameshika kishikio cha kumi na nane kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshika cha kumi na saba.

Fundi alitazama kile kishikio. Akatazama migongo ya watoto inayoingia getini, akitafuta kichwa kilichozidi vyote kwa urefu. Hakukiona.

"Twiga yuko wapi?"

Kifungo alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe."

Maneno yalimtoka mtoto vipande vipande, na fundi ilibidi apige magoti ayasikie. Twiga alikuwa akiachia kwenye karakana ya seremala. Hakuanza leo, leo ni siku ya tano. Anainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, anapenya nyuma ya mbao, anafuata kijia cha mkato mpaka barabara kuu, anavuka, anatokea nyuma ya shule. Kifungo anamshikia kishikio na kumwitia namba kwa sauti ya kike. Siku zote nne walimkuta getini akiwasubiri, anacheka, amewashinda.

"Alisema tutamkuta," Kifungo alisema. "Mama, mbona hayupo?"

Jasho jembamba lilimtoka fundi katika ule ubaridi. Barabara kuu. Njia nne, mbili kwenda na mbili kurudi, malori ya mchanga na wafanyakazi waliochelewa. Aliushona ule mkanda kwa mikono yake, akautia namba, akaziamini namba kuliko nyuso. Kishikio kikiitika, yeye aliona mtoto.

"Shemeji."

Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye boriti, daftari mkononi, gari lake jeupe limeegeshwa upande wa pili kama ng'ombe aliyekatazwa zizi. Kila asubuhi alikuja kuandika mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu. Alisoma ubao, akapiga mluzi. Akasema kwa mwendo huu msafara utaanza kutozwa faini ya mwendokasi. Halafu akatoa kalamu sikioni.

"Wamefika wote?"

Fundi alifungua mdomo, na akausikia ukisema, "Wote."

Shemeji aliandika.

Muuza mikate alikuwa ameegemeza baiskeli yake ukutani akiingiza mikate jikoni mwa shule. Fundi hakumwomba mtu ruhusa. Alimwambia Mzee Mkia neno moja, jina la mtoto, akaona uso wa mzee ukibadilika rangi, akaikwea baiskeli na kreti la mikate nyuma na kuzunguka ukuta wa shule. Gauni lilinasa kwenye mnyororo, akalivuta likachanika. Kijia kilikuwa na mawe na chupa za plastiki. Kila alipopiga pedali alijisemea asisikie kishindo. Asione watu wamekusanyika. Watu wakikusanyika barabarani ni kwa jambo moja tu.

Alitokea barabara kuu, na hapakuwa na watu waliokusanyika. Kulikuwa na magari tu, yamebebana, yanapita.

Katikati, kwenye ukingo wa zege unaotenganisha njia za kwenda na za kurudi, upana wake kama kiti, alikuwa amesimama Twiga. Alikuwa amelikumbatia begi kifuani. Kila lori lilipopita sketi yake ilivutwa upande, naye akavutwa nayo kidogo, akarudi. Goti la mguu wa kushoto lilikuwa na damu iliyoanza kukauka.

Fundi aliinua mkono kusimamisha magari. Dereva mmoja akampungia, kama anayemsalimu. Wa pili akapiga honi. Wa tatu hakumwona kabisa. Aliinua mikono yote miwili, akaishusha. Mtoto alikuwa amemwona sasa, na akaanza kufanya jambo ambalo lilimgandisha fundi damu: akashusha mguu mmoja barabarani, aje.

"Kaa hapo hapo!"

Hakujua kama sauti imefika. Aliishika baiskeli kwa usukani na kwa tandiko, akaitanguliza mbele yake kama meza, kreti na mikate na vyote, akaingia barabarani.

Gari la kwanza lilifunga breki, magurudumu yakalia, pua yake ikasimama mkono mmoja kutoka kwenye kreti. Kioo kikashuka. Dereva alikuwa mwanamke wa rika lake, nywele bado hazijachanwa vizuri, na kiti cha nyuma alikaa mtoto wa sare ya shule anakula kitumbua, macho yamemtoka kwa hofu. "Umechoka kuishi wewe?" mwanamke alimuuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyekosakosa kuharibu maisha yake yote. Fundi alimfahamu kabisa mwanamke huyo, ingawa hawajawahi kuonana.

Njia ya pili ilikuwa na lori. Liliteremka na mzigo wa kokoto, na fundi aliona dereva akisimama juu ya breki kwa mwili mzima. Likaja, likaja, likapunguza, likasimama likihema. Akapita mbele ya bampa lililomfika kifuani, akamfikia mtoto, akamkamata mkono kwa nguvu mpaka Twiga akasema anamuumiza.

Hakulegeza.

Kwenye ule ukingo hapakuwa na nafasi ya watu wawili na baiskeli. Walisimama wamebanana, na Twiga akaeleza bila kulia. Lori lilipiga honi akashtuka, akaangukia goti, akajikokota mpaka hapo, halafu mguu ukakataa. Alijaribu mara tatu. Kila akitaka kuvuka, mguu unamwambia subiri.

"Kwa nini uliachia, mwanangu?"

Twiga alitazama magari. "Wanasema bila mimi mngefika dakika kumi na tano."

"Nani anasema?"

"Wote. Na wewe ukisema tukaze mwendo, unaniangalia mimi."

Fundi alitaka kukana. Alitafuta asubuhi moja, hata moja tu, ambayo alisema neno lile akamtazama mtoto mwingine. Hakuipata.

"Mama Kifungo," Twiga alisema, "usimwambie mama. Atanirudisha kwenye gari la jirani. Sitaki gari."

Magari yalipopungua walivuka, wakaingia shuleni kwa mlango wa jikoni, mtoto amekaa juu ya kreti, mikate imepondeka. Muuza mikate alianza kufoka, akaliona goti la mtoto, akaacha. Mzee Mkia alikuwa amesimama kando ya tangi la maji akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alikiri kabla hajaulizwa. Kila asubuhi pale karakanani alimgeukia seremala kujadiliana habari ya kitanda chake kilichovunjika tendegu, dakika moja tu, na dakika hiyohiyo ndiyo aliyopenya mtoto. Benki haina miguu, alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mwalimu wa zamu alimsafisha Twiga goti akidhani ameanguka uwanjani. Hapo mzee akamvuta fundi pembeni.

"Mwanangu, nisikilize. Hakuna aliyeona. Mtoto mzima, yuko shuleni. Leo na kesho tu tuufunge mdomo, halafu barabara inafungwa moja kwa moja. Keshokutwa ukitaka kusema, sema, na mimi nitasimama na wewe. Lakini ukisema leo, kesho magari yote yako hapa getini. Na wewe unajua yanachofanya hapa getini. Unajua kuliko sisi wote."

Hilo ndilo lililomkaa fundi kichwani siku nzima. Mzee hakuwa amesema upuuzi. Alikaa kwenye cherehani akashona mkono wa shati upande usio wake, akaufumua, akaushona tena palepale. Watoto ishirini na nne kwa mama mmoja. Ukinyamaza unawalinda ishirini na nne. Ukisema, unamlinda nani? Mtoto mwenyewe ameomba asisemwe. Kila alipofika hapo hesabu ilikuwa safi, na kila ilipokuwa safi alikumbuka kwamba hata asubuhi hesabu ilikuwa safi, ishirini na nne kamili.

Kamati ilikutana saa kumi alasiri katika darasa la pili, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Walikuwepo wazazi kama kumi na watano, wengi wakiwa na funguo za magari mezani mbele yao. Muuguzi aliingia mwisho, bado na sare yake nyeupe, saa imebandikwa kifuani, akakaa karibu na mlango.

Mwenyekiti alisimama na daftari. Kwa haki, hakuwa mtu wa hila. Alisoma siku zote ishirini na tisa, moja moja, na kwenye kila moja alisema "salama". Akasema yeye alitabiri msafara hautamaliza hata kumi. Leo ilibidi ameze maneno yake, na hakuna aliyemletea hata maji ya kusukumia. Watu wakacheka. Akasema kesho ni kukamilisha tu, kwa hiyo anapendekeza wapitishe leo, barabara ifungwe, na yeye mwenyewe atatoa nguzo za chuma dukani kwake badala ya yale mapipa yanayotia aibu.

Mwalimu mkuu akasukuma karatasi mpya kuelekea kwa fundi, na kalamu juu yake. Watu wakapiga makofi. Karibu na mlango, muuguzi naye akapiga. Mara mbili, polepole, mikono ya mtu aliyechoka.

Kama asingepiga yale makofi, huenda fundi angetia saini.

Alisimama. Alisimulia yote bila kupamba: kishikio, mbao, siku tano, ukingo wa zege, lori. Hakumtaja Mzee Mkia, lakini mzee alisimama mwenyewe nyuma ya darasa na kusema kosa la mkia ni la mkia. Kisha likabaki lile moja. Funguo za mtu zilianguka, zikasikika kama sahani.

"Shemeji," mwenyekiti alisema. "Asubuhi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema wote."

"Nilisema uongo."

Mwenyekiti alifunga daftari. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alisema kwa sauti ya chini kwamba karatasi ni karatasi, na kwamba fundi anajua inasema nini, na kwamba angependa mno asingelisema. Mzazi mmoja wa mbele alikuwa ameshaanza kuuliza kama boriti inaondolewa leo au kesho asubuhi.

Muuguzi alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama.

"Alikaa pale muda gani?"

"Karibu robo saa," fundi alijibu.

"Kwa nini aliachia?"

Fundi angeweza kusema utoto. Angeweza kusema alitaka kucheza. "Kwa sababu tunakwenda mbio," alisema. "Nilitaka kuyashinda magari. Nikaandika dakika ubaoni kila siku, na kila siku nikataka zipungue. Mwanao alikuwa akinichelewesha, na alijua ananichelewesha, kwa sababu nilimtazama hivyo. Akajiondoa ili mimi nipate namba yangu."

Midomo ya muuguzi ilikuwa imebana kama mtu anayeuma uzi.

"Tangu saa moja na nusu mpaka saa kumi," alisema. "Siku nzima nimeshika mikono ya watoto wa watu nikitafuta mshipa, na mwanangu alikuwa katikati ya malori, na wewe unajua, na mimi sijui. Sikusamehe kwa hilo. Usije kwangu na uji."

"Sitakuja."

"Vizuri." Akageukia mbele, kwa mwenyekiti. "Na nyinyi, ondoeni mapipa yenu, kama karatasi inasema hivyo. Lakini mimi nauliza. Mwanangu alikwamishwa katikati ya barabara na nini? Na mkanda wa turubai? Mwaka jana mguu ulivunjwa na nini? Kila mtu hapa ana funguo mezani, na hakuna anayeishi mbali kuliko mimi ninayetembea."

Baadhi ya mikono ilivuta funguo taratibu, ikaziweka mapajani.

Mwenyekiti alisema ameelewa, lakini saini ni saini, na akiigeuza leo kwa kumhurumia shemeji yake, kesho nani ataheshimu karatasi ya kamati. Barabara ingefunguliwa asubuhi. Hakuna aliyempinga. Watu wakaanza kuinuka, madawati yakikwaruza sakafu.

"Kesho mwanangu anatembea," muuguzi alisema katikati ya kelele hiyo, bila kupaza sauti, akimwambia fundi peke yake. "Atakuwa mbele. Mimi nitakuwa ubavuni mwake, niuone huo mwendo wenu."

Asubuhi ya siku ya thelathini walijitokeza watoto kumi na mmoja tu. Fundi hakuita namba. Alimwita kila mmoja kwa jina lake, akasubiri mpaka wametazamana, ndipo akamwita mwingine, na jambo hilo peke yake lilichukua dakika nne. Kwenye karakana ya seremala Mzee Mkia alitembea kinyumenyume, macho kwa watoto, akamwacha seremala akimwita bure. Twiga alikuwa mbele, mama yake kushoto kwake, fundi kulia. Walitembea kama mguu ule ulivyotaka kutembea. Chini ya daraja fundi aliona mkono wake ukiinuka wenyewe kutaka kuangalia saa. Akautia mfukoni.

Walipoikata kona ya barabara ya shule, mapipa yalikuwa yamesukumwa mtaroni na boriti imelazwa juu ya nyasi. Upande mmoja kulikuwa na mtaro. Upande wa pili magari yaliyoegeshwa yalikuwa yamebana mpaka ukutani, milango inafunguka na kufungwa. Pa kupita palikuwa mahali pamoja tu, katikati. Wakaingia katikati.

Hawakufika mbali kabla fundi hajasikia injini nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka, aliijua sauti ya gari la shemeji yake tangu likiwa jipya. Lilikaribia mpaka akahisi joto lake kwenye visigino, likapunguza, likaanza kutambaa. Nyuma yake likaja jingine, na jingine, na honi ya mbali ikalia, ikajibiwa. Muuguzi alikuwa ameshika bega la mwanawe, vidole vimekuwa vyeupe.

"Nikaze mwendo?" Twiga aliuliza, bila kugeuka.

Fundi alisubiri honi ya gari jeupe. Shingo yote ilikuwa ikiisubiri. Honi nyingine zilikuwa tano sasa, sita, na mtu mmoja alikuwa akipiga kelele dirishani kwamba watu wana kazi. Ile moja ya karibu haikulia.

"Tembea unavyotembea," alisema.

Nyuma kabisa, mlango wa gari ulifunguliwa. Mwanamume mmoja alisikika akimwambia mwanawe ashuke, tena haraka, wakitembea watafika kwanza. Fundi hakugeuka kuona ni nani. Geti lilikuwa bado hatua mia mbili mbele, na foleni nzima ilikuwa imejipanga nyuma ya mtoto mmoja, inakwenda kwa mwendo wake, hatua, buruta, hatua, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumpita.